Maiti Iliyonuka Kwenye Televizyo

Jirani amefunua beseni la mihogo iliyolowekwa, na uvundo wake umenirudisha Masisi, kwenye sebule ya shangazi, tulikochezea michezo ya video. Beseni kama hilo lilikaa chini ya televizyo. Dada yangu alishika manette, kile kidude cha kuongozea mchezo, akikimbizwa kwenye kioo na maiti yenye funza usoni. Maiti nyingine kwenye michezo zilinichekesha. Hii niliiogopa kwa sababu niliinusa.

"Dada, iko nanuka!" nililia.

"Nyamaza, iko karibu kunishika!"

Ilipojaza kioo kizima kwa mdomo wake, nilitapika mikononi mwa dada. Alipangusa vidole kwenye gauni langu, akaikamata tena manette iliyokuwa ikiteleza, akaendelea kucheza bila kuniangalia.