Fundi Aliyefanya Kazi Ndani ya Chandarua

Habari ilinifikia nikiwa karakanani kwangu Kizota, katikati ya kelele za kukata vyuma. Aliyepiga simu ni mama mshonaji aliyekuwa akigawana baraza na marehemu pale mjini. "Kaka, yule mzee wetu wa saa ametutoka alfajiri," alisema. "Wanamzika leo leo, baada ya adhuhuri." Nikazima mashine. Mafundi wangu wakadhani umeme umekatika, wakaanza kulalamika. Nilikuwa namwona mzee yule kama nilivyomwona mara ya kwanza: kivuli cha mtu ndani ya chandarua cheupe, mchana kweupe, ameinamia meza.

Nimewahi kuwaeleza, na sioni haya kurudia, kwamba niliondoka Dodoma na begi moja nikarudi na kontena. Diploma yangu ya ufundi mitambo niliisomea ughaibuni baada ya saa za kazi, na kwa diploma hiyo nilitengeneza lifti za watu wakubwa kwa miaka ishirini bila kumpigia mtu magoti. Kabla ya kurudi nilijinunulia kitu kimoja cha anasa: saa ya mkono ya Uswisi, ya zamani, ya dhahabu, isiyojua betri, ya kutia ufunguo kwa vidole. Inajua yenyewe kama Februari ya mwaka huu ni ndefu au fupi. Ina kidirisha ambamo mwezi hukua na kupungua. Na ukisukuma kitelezi kilicho ubavuni mwake, inakugongea wakati ulivyo: sauti nzito kwa kila saa, sauti mbili pacha kwa kila robo, sauti nyembamba kwa kila dakika iliyozidi robo. Zilitengenezwa chache tu, kwa mkono, na sijasikia kuna nyingine kutoka Manyoni hadi Gairo. Anayebisha aje na yake.

Mama yangu anaishi Kongwa, na macho yake yalizimika miaka michache iliyopita. Kuhamia kwangu alikataa. Msichana wa kumsaidia alimkubali kwa kupika na kufua tu. Njia ya kwenda kanisani aliijua kwa miguu, kila shimo na kila jiwe, akitembea na fimbo yake. Alichopoteza ni saa. Zamani waligonga rimu ya gari iliyoning'inizwa nje ya kanisa, lakini rimu ile iliibwa na wakusanya vyuma chakavu. Jumapili moja alifika ibada imekwisha, watu wametawanyika, akakaa peke yake kwenye benchi akaimba nyimbo zote za ibada mpaka mchungaji aliporudi kuchukua koti lake. Niliposikia nilimpelekea simu inayotamka saa. Akaitumia wiki moja, chaji ikaisha, akaiweka kabatini. "Sitaki kuulizauliza saa kama mfungwa," aliniambia. "Nataka niijue mwenyewe, niondoke mwenyewe."

Basi nikampelekea saa yangu. Niliivua mkononi kwa uchungu, lakini niliivua. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Akasukuma kitelezi, saa ikagonga mara nane, kwa kujikokota kidogo kwa sababu mafuta yake yalikuwa yameganda. Mama akageuza shavu kwenye jua. "Saa nane? Jua hili la asubuhi mimi nalisikia kwenye ngozi." Nikamweleza kwamba saa ya kizungu inahesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo apunguze sita. "Na ikigonga moja, nitapunguza sita wapi?" Nikamwambia hapo anaongeza. Akanirudishia. "Mwanangu, hii inataka mtu aliyesoma kama wewe. Mimi nitachelewa kanisani nikipiga hesabu."

Ndivyo nilivyofika kwa marehemu. Familia yake ilikuja kutoka upande wa Bara Hindi enzi za reli, lakini yeye alizaliwa Dodoma na kwa Kigogo alitania vizuri kuliko mimi. Kwa ajili ya vumbi letu, kila alipofungua saa alimwagia maji sakafu ya baraza, akashusha chandarua juu yake na meza yake, akafanya kazi humo hadi upepo wa mchana ulipoanza. Wapita njia hawakuacha kumchokoza. "Bibi harusi hajambo?" Naye alijibu bila kuinua kichwa, "Hajambo, anasubiri mahari." Nilimwamkia, nikamtandikia mchoro wangu. Nilikuwa nimeuchora siku tatu: namna ya kukata upya gurudumu la kugongea, ili saa igonge Kiswahili huku mishale ikibaki kwenye saa ya kizungu.

Akautazama kwa kioo chake cha kukuzia, kile alichokibana jichoni, muda mrefu. "Injinia," akasema, "mchoro mzuri. Sasa kwa nini nisisogeze mishale tu?"

"Mishale itasema uongo, mzee. Jua la utosini, yenyewe inaonyesha sita!"

"Kwani saa ya nani hii?"

"Ya mama."

"Mama anaona mishale?"

Mshonaji akacheka mpaka akasimamisha cherehani. Nikajitetea kwamba wageni watakaoiona mkononi mwa mama watadhani imeharibika. Mzee akasema, "Watakaodhani hivyo wana macho. Wakatazame simu zao."

Alikaa nayo wiki tatu, akaisafisha kipande kwa kipande. Siku moja aliniita kuniuliza, kwa sauti ya mtu anayezungumza usingizini, kama tarehe igeuke asubuhi au magharibi, maana tarehe hugeuka mishale ikikutana kwenye kumi na mbili, na baada ya kuisogeza ilibidi achague kumi na mbili ipi. Nikamwambia haidhuru, mama haoni. "Saa yenyewe inajua," alisema. Akachagua magharibi, kwa kuwa ndivyo wazee wa pande zote walivyohesabu siku: jua likitua, kesho imeshaingia. Nikamtazama kupitia ule wavu, nikaona kama yuko ndani ya wingu.

Alikataa niipeleke peke yangu. Tulipofika Kongwa mama akauliza umri wake, wapate kujua nani amwamkie mwenzake, wakabishana, ikaonekana mama ni mkubwa kwa msimu mmoja wa mvua. "Shikamoo, dada." "Marahaba, mdogo wangu." Kisha mama akasukuma kitelezi. Nne nzito. Pacha moja. Nyembamba tatu. Midomo yake ikatembea. "Saa nne na dakika kumi na nane," akasema, akaigongesha tena, na tena, mpaka ikawa kumi na tisa. Mzee akamwonya aitie ufunguo kila asubuhi na asiirudishe nyuma kamwe. "Nani amewahi kuurudisha wakati?" mama akamwuliza. Wote wawili wakacheka. Mimi nilitazama pembeni.

Tangu siku ile nimewaza sana juu yetu sisi tuliorudi. Nyumba yangu ina dirisha kubwa la kioo linalotazama magharibi, kama nilivyoona huko nilikokuwa, na kila alasiri tunahamia uani kwa joto. Mji wetu unajengwa kwa kasi, na kila siku naona vitu vizuri vimeletwa kutoka mbali, na watu wakifundishwa kujikunja ili viwaenee. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Sisi tunamleta mgeni halafu mwenyeji anaanza kupunguza sita. Yule mzee hakuwa na cheti hata kimoja. Alichokuwa nacho ni swali lile la saa ni ya nani, na nimeliona likiwashinda watu wenye ofisi.

Tulimzika mchana ule. Jumapili iliyofuata niliondoka mapema na gari langu jipya kwenda kumpa mama habari za msiba, na kumpeleka kanisani kwa heshima, kama nilivyomtumia ujumbe kupitia msichana wake. Nikakuta mlango umefungwa. Msichana wake alikuwa uani akiosha vyombo. "Shikamoo, kaka. Bibi ameondoka kitambo, saa yake ilipomgongea. Alisema hasubiri gari." Nilisimama kwenye jua na funguo mkononi, na nyimbo zikisikika kwa mbali. Nimejenga mengi kwa mikono yangu na nimeyasimulia hapa bila aibu. Lakini tangu asubuhi ile msaada naupima kwa kipimo kimoja: kama uliyemsaidia anaweza kuondoka bila kukusubiri.