Neno Shemeji

Kwenye kambi ya mapumziko kando ya ziwa, jirani wa hema la pili alikuwa na mkono wa kushoto uliomkosesha mume wa hema la kwanza usingizi. Kwa mkono huo alifagia majani makavu ya misonobari kabla ya kutandika turubai, akakaza kamba kwa mvuto mmoja, huku akipiga mluzi. Mluzi wa nini, msituni? Hema lake lilisimama wima. La mume liliinama kama mlevi anayetafuta kiatu chake. "Shemeji, mmeamkaje?" jirani aliita kila asubuhi akishuka ziwani, na mke, ambaye nyumbani haamki mpaka avutwe shuka, alikuwa keshanawa uso na kuchana nywele. Roho ilimuuma mume, lakini akajipa moyo: shemeji ni neno la heshima, ni ukuta. Asubuhi moja akaenda kijitoni kuchota maji. Aliporudi alikuta hema lake limenyooka, jirani amepiga magoti anagonga kigingi cha mwisho, mkewe ameshika kamba. "Vuta kidogo," jirani alimwambia mke, taratibu. "Hapo hapo." Mume akasimama na ndoo yake, akilisubiri lile neno. Halikuja.