Kitunguu Ndani ya Maziwa

Zamani katika mji huu watu kumi walizunguka chungu kimoja cha pombe ya mtama, kila mmoja na mrija wake, wasijali pumzi ya nani imepita wapi. Siku hizi kila mtu anakaa na chupa yake mapajani, kidole gumba kimeziba mdomo wa chupa, kana kwamba jirani ni nzi.

Méthode aliyasema haya kila alipopata msikilizaji, na wasikilizaji walikuwa wamepungua. Alikuwa mzee wa mtaa wa Mutanga Nord, dereva wa serikali aliyestaafu. Kusoma alijifundisha mwenyewe ndani ya gari, akiwasubiri wakubwa watoke mikutanoni kwenye ofisi za Kigobe: magazeti waliyoyaacha kiti cha nyuma, vitabu vya sheria, hata karatasi zinazokunjwa ndani ya pakiti za dawa. Alijua mengi, na kila alichokijua kilimwongezea hasira, maana aliona mambo mazuri yakifa na hakuna aliyevaa nguo nyeusi.

Jirani zake wa ukuta kwa ukuta walikuwa Wakongo. Mume, Cirimwami, alikuwa fundi cherehani kutoka Kabare. Mkewe, Marguerite, alizaliwa Uvira, na mtaa mzima ulimwita Mama Irène kwa jina la binti yao aliyeolewa Rumonge. Aliuza vitunguu na ndagala, dagaa wa ziwani, karibu na maduka ya mtaa wa Asiatique. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega ya kubebea magunia, na sauti ambayo ingemsimamisha mwizi upande wa pili wa barabara. Cirimwami alikuwa kinyume chake: mrefu, mpole, mwenye utani wa chinichini. Akiingia penye watu, viti vilisogezwa bila mtu kuombwa.

Kisha ugonjwa wa sukari ukamshika. Daktari alimwambia apunguze wali, ugali, viazi, ndizi, maandazi na bia, apunguze mpaka karibu na kuacha. Nyumbani halikuwa tatizo. Marguerite alimpikia mchicha wa lengalenga na samaki, akala. Balaa lilikuwa kwa watu. Siku hizi ukialikwa mahali unaletewa viazi vya kukaanga, sambusa, ndizi na bia. Nyama imekuwa kitu cha harusi. Na katika nchi hii, mtu anayerudisha chakula cha mwenyeji amesema neno zito bila kufungua kinywa. Kwenye matanga fulani Cirimwami alirudisha sahani ya wali, mwenye nyumba akamwuliza mbele ya wote, "Vipi, fundi, unaona nimekutilia sumu?" Watu walicheka. Cirimwami naye alicheka. Tangu siku hiyo hakutoka tena.

"Mzee," Marguerite alimwambia Méthode siku moja, kichwa chake kikitokeza juu ya ukuta, "bwana wangu anakufa."

"Sukari imepanda?"

"Apana. Sukari iko muzuri. Anakaa mu chumba siku muzima, anaongea na cherehani. Jana nimesikia anaiuliza kama imelala vizuri."

"Ikajibu nini?"

"We Mzee, hii haiko ya kuchekea." Lakini alicheka, na katika kucheka huko macho yakamjaa maji. "Jumapili watu wanakutana kwako. Nataka kumuleta. Nitapika kitu yeye anaweza kula na watu wote wanakula. Sitaki akule ya mugonjwa, pembeni, kama mutoto mwenye surua. Sasa mi natafuta maziwa ya mgando, ya kweli. Si hii ya poda."

Méthode alinyooka mgongo. Yeye alikuwa mtu wa Mugamba, milimani kwenye ng'ombe, na miaka mingi ilikuwa imepita bila mtu kumwuliza lolote kuhusu maziwa. Akamfuata mama mmoja ambaye bado aligandisha maziwa kwa njia ya kale, akarudi na dumu zima, akilibeba mwenyewe wala hakukubali kupokewa. Akaingia uani kwa Marguerite. Akamkuta amechuchumaa mbele ya mbabula ya makaa, anakata vitunguu.

"Vya mboga?" akauliza.

"Vya maziwa."

Méthode akalirudisha dumu kifuani. "Kitunguu? Ndani ya maziwa? Mama yangu hakuthubutu hata kuyachemsha, asije akamkausha ng'ombe. Na wewe unataka kuyatia kitunguu!"

"Ng'ombe iko mbali, Mzee. Haitajua."

"Ng'ombe anajua!"

"Basi muambie ni mi nilifanya. Leta."

Méthode alipaswa kuondoka. Lakini maziwa aliyaleta yeye, na aliona ni wajibu wake kushuhudia yakiuawa. Akakaa kwenye kigoda.

Marguerite akayamimina maziwa kwenye kitambaa cheupe cha pamba, mabaki ya shati alilolishona mumewe, akakifunga fundo na kukining'iniza kwenye msumari juu ya beseni. Maji ya kijanikijani yakaanza kudondoka. "Hii maji imebeba sehemu ya sukari," alisema. "Muuguzi ameniambia. Iende." Kesho yake, Jumapili, Méthode aliporudi, kilichobaki kitambaani kilikuwa kizito na cheupe, laini kama siagi. Alipokichomeka kijiko kilisimama wima. Méthode alikichungulia kijiko kile muda mrefu. Alikuwa amekunywa maziwa ya mgando maisha yake yote, na hakujua kwamba ukiyapa muda na kitambaa yanaweza kusimamisha kitu.

Vitunguu havikuwa vingi. Vichache kwa bakuli kubwa, maana navyo vina sukari yao. Alivikata vyembamba mpaka mwanga ukapita ndani yake. Akaweka siagi ya ng'ombe kwenye sufuria, akayafunika makaa kwa majivu ili moto upoe, akavimwaga vitunguu, akakaa. Hakuna alichofanya zaidi ya kugeuza na kungoja.

Kelly, binti yake Méthode, alikuja na pakiti ya unga wa supu ya vitunguu. "Mama Irène, unajitesa bure. Hii unakoroga tu na maziwa, imekwisha."

"Soma nyuma."

Kelly akasoma, midomo ikicheza. "Farine… sucre… unga, sukari…"

"Umeona? Unataka kumuzika Baba Irène na pakiti?"

Kelly akaificha mfukoni. Méthode alikuwa ameinamia sufuria. Vitunguu vilikuwa vimetoa machozi, vikalegea, vikawa rangi ya asali, na sasa vilielekea rangi ya ngozi ya kiatu cha zamani kilichopakwa rangi vizuri. Harufu ile kali iliyokuwa ikimchoma macho ilikuwa imeondoka, na mahali pake pamekuja nyingine, nzito na tamu, iliyojaa ua mpaka mbwa wa jirani akaja kusimama langoni. Hakuna chembe ya sukari iliyotiwa. Utamu huo ulikuwa umekaa ndani ya kitunguu siku zote, na yeye, mzee mzima aliyesoma hata karatasi za dawa, alikuwa ametafuna vitunguu vibichi miaka sabini bila kuujua.

"Mzee amenyamaza," Kelly alisema. "Mama Irène, tuite daktari?"

"Mwache. Anamulilia ng'ombe."

Vilipopoa Marguerite akavichanganya na yale maziwa mazito, akatia chumvi, kitunguu saumu, limau na pilipili kidogo. Akakaanga ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, mpaka wakawa wakavu wa kuvunjika. Akakata matango, karoti na mioyo ya kabichi vipande virefu vya kushikika. Kisha akaenda kumvalisha mumewe.

Cirimwami alikuja kwa Méthode akiwa amevaa koti alilolishona mwenyewe mwaka wa nyuma. Sasa lilimpwaya kama la kuazima. Akachagua kiti kilicho karibu kabisa na mlango, akaketi ukingoni.

"Fundi!" alipaza sauti Jimmy, karani wa ofisi moja Kigobe, mtu wa tumbo na kelele. "Tulifikiri umerudi Kongo kwa miguu!"

"Niliogopa kukukuta njiani," Cirimwami alijibu, na watu wakacheka, na Marguerite, aliyekuwa jikoni, akashusha pumzi.

Lakini sahani zikaanza kupita. Viazi. Sambusa. Jimmy akamsukumia chupa: "Moja haiue mutu." Cirimwami akaitazama, akaweka mikono magotini. Méthode aliona macho yake yakienda mlangoni na kurudi, mlangoni na kurudi.

Hapo ndipo Kelly, kwa adabu za siku hizi, alipolitwaa lile bakuli kutoka kwa Marguerite, akapanga visahani na kuanza kugawa kwa kijiko. Cha kwanza akampelekea Cirimwami. "Hii ni ya Baba Irène, ya régime, ya mgonjwa wa sukari."

Macho yote yakamgeukia mgonjwa. Cirimwami akatabasamu, akakiweka kisahani sakafuni polepole, akasimama. Mkono wake ukashika fremu ya mlango.

"Apana, mwanangu." Marguerite alikuwa amefika. Akakitoa kijiko mkononi mwa Kelly bila ukali, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. "Hii haina sahani." Akaliweka bakuli juu ya kigoda katikati ya chumba. Akavisukuma viti kwa mguu, viwili, vitatu, mpaka vikalizunguka. Kisha, kabla ya kumkaribisha mtu yeyote, akachukua ndagala mmoja, akachota, akala mbele yao wote. Akatafuna. Akameza. Akafungua mikono, akangoja.

Méthode akainua kichwa. Hivyo ndivyo baba yake alivyokuwa akifanya kule Mugamba: mtoaji huonja kwanza, mgeni akiona, ili pasiwe na neno baina yao. Hakuwahi kumweleza Marguerite jambo hilo. Hakuwa amemweleza mtu, kwa vile hakuna aliyetaka kulisikia.

"Sasa tutatia vidole wote humo?" Jimmy aliuliza.

"Kama mikono yetu inakutisha, anza kunawa yako."

Kicheko kikapita, lakini hakuna aliyenyoosha mkono. Maziwa na kitunguu! Wakamtazama mwenye nyumba, na Cirimwami, pale mlangoni, naye akamtazama.

Méthode alimfikiria mama yake. Akamwona waziwazi, na kibuyu chake, na uso wake siku ambayo mtoto mmoja alimwaga maziwa. Akamwomba radhi kimoyomoyo. Akainama, akamshika ndagala kichwani, akamzamisha bakulini, akala.

Samaki alivunjika kwa mlio. Halafu ikaja baridi ya maziwa, na uchachu wake wa milimani, na nyuma yake, taratibu, ule utamu usio na sukari ukafunguka mdomoni, moshi kidogo, siagi, chumvi, harufu ya ziwa.

"Ng'ombe anisamehe," alisema mwishowe, akachota tena.

Chumba kikapasuka kwa kicheko. Jimmy akachukua tango, akachota, akasema "Eh!", akaburuta kiti chake mbele. Wengine wakamfuata, wakigongana mikono. "Fundi!" Jimmy aliita, kinywa kimejaa. "Unangoja nini mlangoni, we ni polisi? Hawa watamaliza!" Akamsogezea kiti.

Cirimwami akaja. Akakaa katikati yao, akala walichokula wao, kutoka walipokula wao. Hakuna aliyehesabu anachokula. Walipoinama pamoja paji lake liligongana na la Jimmy, akasema, "Pole, sikujua kama humo mna mfupa," na vicheko vikamzunguka tena kama zamani. Marguerite alikuwa amesimama ukutani, aproni imefunika mdomo. Méthode alitazama vile vichwa vilivyokaribiana, vya vijana na wazee, Warundi na Wakongo, chupa zao zimesahauliwa sakafuni, na alihisi kama mtu aliyeingia nyumba aliyoijua imebomolewa, akakuta taa inawaka.

Baada ya hapo bakuli lilitakiwa kila mahali. Wengine walijaribu kuiga; wakatia unga ili liwe zito, wakatumia pakiti, wakamaliza haraka, na kilichotoka Méthode alikiita gundi ya ofisini. Mwaka haukwisha, Irène alijifungua mapacha, akaja kuwachukua wazazi wake wakaishi naye Rumonge. Siku waliyoondoka Méthode alikuwa hospitali kwa ajili ya macho, hakuwaaga.

Mara ya mwisho kuwaona ilikuwa Jumapili moja kabla ya hapo, alasiri, yeye akiwa amesimama langoni kwake. Walikuwa wakipanda barabara. Cirimwami alitangulia kwa hatua ndefu, koti limefungwa vifungo vyote, na Marguerite alimfuata akihema, bakuli mikononi limefunikwa kitambaa.

"Kaza mwendo, Mama Irène! Watu watakuwa wamekaa!"

"Wakae! Chakula niko nayo mi. Wataanza na nini?"

"Mnakwenda kwa nani?" Méthode aliwauliza.

Cirimwami aligeuka bila kusimama, akitembea kinyumenyume kama kijana. "Hata hatuwajue muzuri, Mzee! Wametualika tu!"

Akacheka, akageuka, wakakata kona.