Mama aliacha mswaki kwa sababu yangu

Leo asubuhi mama yangu ameng'olewa gego, na sioni wa kumlaumu isipokuwa mimi.

Miezi kadhaa iliyopita nilimpelekea, nyumbani Igogo, chupa mbili za dawa ya kusukutua yenye floraidi. Nilimweleza kwa kirefu jinsi inavyokinga meno.

Leo daktari akamuuliza anapiga mswaki mara ngapi kwa siku.

"Siku hizi sipigi. Huyu msomi wangu aliniletea dawa. Nasukutua asubuhi na jioni, sijakosa hata siku moja."

Daktari akanigeukia.

Akaeleza kwa upole: kwa anayepiga mswaki vizuri kila siku kwa dawa ya meno yenye floraidi, kusukutua huenda kukaongeza kinga kidogo. "Lakini hakusafishi meno, mama. Chupa haichukui nafasi ya mswaki."

Labda gego lilianza kuoza zamani. Sina hakika, na natamani iwe hivyo.

Tulipotoka, mama akasema huku ameuma pamba:

"Usinune, mwanangu. Ila ile chupa ya pili nilimpa Mama Kulwa. Naye nilimwambia aache mswaki."

Sasa nimekaa barazani kwa Mama Kulwa, jirani wa mama, namsubiri arudi kutoka sokoni.

Niambieni, ninaanzaje?