Kidole Kinachosema Bado

Ifahamike kwa umma kwamba kuanzia mwezi huu jarida la hadithi za katuni liitwalo Mlinzi Usingizi halitachapishwa tena kwenye karatasi, bali litasomwa kwenye skrini pekee. Uongozi unawahakikishia wasomaji wake wapendwa kwamba katika mabadiliko haya hakuna kitakachopotea. Kinyume chake, kila msomaji, akiwa na kifaa chake mkononi, sasa atasoma kwa kasi yake mwenyewe, bila kumsubiri mtu wala kusubiriwa.

Tangazo hilo lilichapwa nyuma ya toleo la mwisho, kwa herufi ndogo kiasi kwamba mmoja wa wasomaji wapendwa, karani mstaafu wa masjala, alilisogeza dirishani, akalirudisha karibu na pua, akalisogeza tena, mwishowe akampa mumewe.

"Nisomee, Fundi. Macho yangu yamegoma."

Mumewe, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza makochi na viti, alilisoma. Lilimchukua muda. Alipomaliza alilikunja jarida taratibu, kama mtu anayekunja shati la marehemu.

"Wanasemaje?"

"Wanasema hatutasubiriana tena."

"Makubwa! Nani aliwaambia tumelalamika?"

Walisoma Mlinzi Usingizi pamoja tangu ujana. Ni habari za mlinzi wa ghala ambaye hulala kazini kila siku na kukamata wezi kwa bahati tu: mmoja anajikwaa kwenye miguu yake, mwingine anakimbizwa na mkoromo. Si maandishi ya kumfanya mtu apewe nishani. Lakini nyumba ile iliyategemea.

Kila jioni vyombo vikishaoshwa, wawili hao walikaa kwenye kochi lao, ambalo, kama ilivyo desturi ya kochi la fundi wa makochi, lilikuwa bovu. Lilibonyea katikati, kiasi kwamba watu wawili wakilikalia, wapende wasipende, huteremkiana. Fundi aliahidi kulitengeneza kabla mtoto wao wa kwanza hajaota meno. Mtoto huyo sasa ana mvi.

Karani ndiye aliyeshika jarida. Fundi aliweka kidole cha shahada kwenye pembe ya chini ya ukurasa. Kidole kikiwa pale, maana yake ni: bado. Kikiinuka, ukurasa unafunuliwa. Karani, aliyezoea kupekua majalada kutwa, alimaliza ukurasa kabla mumewe hajavuka picha ya kwanza. Hakuwahi kusema. Na kidole kikikaa mno, alijua kimenasa kwenye neno gumu, hapo alilitamka kama mtu anayejisemea, "Kizuizini! Leo huyu atalala kizuizini, maskini," na baada ya muda kidole kikainuka.

Utaratibu huo ulikuwa na asili yake. Fundi alipokuwa kijana aliitwa masjala kuvisha upya viti vya ofisi. Wakati wa mapumziko alikaa juu ya kiti alichokivua kitambaa, akitazama jarida na kucheka peke yake. Karani, binti mgeni kazini, akamuuliza mlinzi anasema nini hapo.

"Anamwambia mwizi, kaka, ukimaliza kuiba funga mlango, nasikia baridi."

Binti alicheka mpaka akashika meza. Baadaye alilichukua jarida, akakuta kwamba kwenye picha ile mlinzi alikuwa anauliza tu ni saa ngapi. Akatambua mambo mawili kwa mpigo: kwamba kijana huyu hajui kusoma, na kwamba anachekesha kuliko wenye jarida. La kwanza hakumwambia mtu. La pili lilimfanya aolewe naye.

Kesho yake binti alikuja, akakaa karibu, akaanza kusoma kwa sauti huku akipitisha kalamu chini ya maneno, akisingizia kwamba bila hivyo yeye hupotea mstari. Kijana naye, ambaye hakuwa mjinga, alisingizia kuamini. Hivyo ndivyo alivyojua kusoma: polepole, na ubavuni mwa mtu. Watoto wao walikua wakiambiwa kuwa baba husoma taratibu kwa sababu anapenda picha. Hilo nalo ni kweli.

Sasa binti yao wa mwisho, mfanyakazi wa benki na mtu wa kutatua matatizo hata yale ambayo hajaletewa, alisikia kuhusu tangazo. Jumamosi aliingia na maboksi mawili. Ndani mlikuwa na vishikwambi, kimoja kwa kila mzazi, jarida likiwa limeshalipiwa.

"Mama, hapa unakuza maandishi. Tanua vidole hivi. Umeona?"

Karani alitanua, na uso wa mlinzi ukajaa kioo kizima, pamoja na udenda wake.

"Kumbe ana ndevu! Miaka yote nilidhani ni wino umemwagika."

"Na baba ana chake. Msije mkagombania kama watoto."

"Hatujawahi kugombania," fundi alisema.

"Basi ndiyo hamtaanza. Kila mtu kwa kasi yake, baba."

"Hayo nimeyasoma."

Ni haki kusema kwamba kifaa kilikuwa kizuri. Karani, aliyekuwa ameanza kusoma kwa kubahatisha, alirudishiwa macho yake. Rangi ziling'aa, picha zilikuja mojamoja bila kusukumana. Kila jioni alikaa upande wake wa kochi, mto ukimzuia asiteremke, akasoma na kucheka. Upande wa pili fundi alishika chake. Kioo kilikuwa na kila kitu. Kilichokosekana ni tabia ya kujisemea.

Karani alipocheka, fundi naye alicheka, nyuma yake kidogo, kama kwaya yenye mtu mmoja aliyechelewa. Ikawa hivyo jioni hadi jioni. Mpaka siku moja karani akauliza, bila nia yoyote:

"Umefika pale anapomkuta mwizi jikoni?"

"Nimefika. Nimevunjika mbavu."

"Alivyomwambia!"

"Eti, mwenzangu, ukishakaanga mayai, langu lisiive sana."

Karani aliangua kicheko, maana lilikuwa zuri. Kisha kicheko kikamkatikia njiani. Jikoni mle hakukuwa na yai hata moja. Mlinzi alikuwa amemwomba mwizi amzimie taa. Karani alimtazama mumewe, akaona kiti kilichovuliwa kitambaa na kijana amekaa juu yake.

"Fundi. Uko wapi?"

"Si nimekwambia, jikoni."

"Uko wapi, mume wangu?"

Fundi alikitazama kioo, nacho kikamtazama.

"Ukurasa wa pili," alisema. "Kuna neno limenikaba tangu juzi."

Karani alikiweka kishikwambi chake mezani, akautupa mto, akateremka hadi katikati ya kochi. Alichungulia cha mumewe, akakuza maandishi.

"Mdhamini!" alijisemea. "Sasa mtu kama huyu nani atakubali kuwa mdhamini wake?"

Fundi alicheka, na safari hii kwa wakati. Kidole chake, kwa mazoea, kikaenda pembeni chini, mahali pake. Ukurasa ukaruka.

"Nani amefunua?" karani aliuliza.

"Si mimi."

"Ni kidole hicho!"

"Kidole kinasema bado!"

"Huku kidole kinasema twende."

Walirudi nyuma. Kidole kikarudi nacho. Kurasa zikatawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Kufumba na kufumbua mwizi alikuwa amekamatwa, amehukumiwa, na jarida linawaomba nyota tano. Fundi alijaribu kukishikilia kidole hewani, mkono ukachoka. Alijaribu kukiweka ukingoni nje ya kioo, mkewe hakukiona.

"Basi sema tu kwa mdomo," karani alisema. "Sema bado."

Tangu aoe, fundi hakuwahi kulazimika kulisema. Kidoleni neno lile halikuwa na uzito wowote. Mdomoni lilikuwa jiwe.

"Wewe soma tu, Karani," alisema hatimaye. "Mimi nitaangalia picha."

"Picha ni zangu," mkewe alisema. "Unadhani nilikuwa nafanya nini muda wote nikikungoja? Najua viatu vya kila mwizi. Kuna paka ambaye mchoraji humficha nyuma ya magunia, sijawahi kumwambia mtu. Ukiacha kunichelewesha, huyo paka nitamwona lini?"

Fundi alilala akiwa ameelekea ukutani.

Asubuhi alikuwa karakanani, akisukuma sindano nene kwenye mgongo wa kiti cha wakili, kidole kimevaa kifuko chake cha ngozi ili kisitobolewe, simu ilipolia. Aliipangusa kioo ili apokee. Simu ikaendelea kulia. Akapangusa tena, akabonyeza, akaitukana kwa adabu. Kwa simu ile, kidole chenye ngozi hakikuwepo duniani. Mteja alikata tamaa, akakata na simu. Fundi alibaki amekitazama kidole chake kama mtu aliyekutana na ndugu wa zamani sokoni.

Kiti cha wakili kilisubiri siku hiyo. Fundi alichagua kipande cha ngozi laini kuliko vyote, akakikata, akakishona kwa mshono wa ndani usiokwaruza kioo.

Jioni karani alikiona kile kifuko kipya akacheka.

"Leo kidole kinaoa?"

"We shika kishikwambi, acha maneno."

Karani alishika. Fundi aliweka kidole pembeni chini. Ukurasa ukatulia tuli. Karani alisoma mpaka mwisho, kisha akaenda kumtafuta paka nyuma ya magunia, akamkuta. Kidole kilikaa, kikakaa.

"Mnada," alijisemea karani. "Sasa ghala zima linapigwa mnada naye amelala."

Kidole kikainuka.

Mwezi uliofuata uongozi wa jarida uliwaandikia wasomaji wake wapendwa kuwashukuru kwa kuipokea teknolojia kwa mikono miwili, na kutaja kwa fahari nyumba ambazo sasa zina kifaa zaidi ya kimoja. Nyumba ya fundi imo katika hesabu hiyo. Kishikwambi cha pili hufunika sufuria ya maziwa. Kinaenea sawasawa.