Haragwe lililochemshwa na mama, na namna nilivyopelekwa mbali kwa ajili ya pamba

Wakuu, nawasalimu wote, wa mjini na wa vijijini.

Mjukuu aliyenifungulia akaunti humu ameniambia mtu asipoapa kwamba anasema kweli, hasomwi. Basi naapa. Mashahidi tumebaki wawili: rafiki yangu Bernard, ambaye hapendi kulizungumzia jambo hili, na mimi, ambaye siachi kulizungumzia.

Nimeona vijana mnasifia masomo ya vitendo, hizo mnaita practical, kama vile zimefika jana. Sisi tulizifanya enzi za Mbelgiji, huku karibu na Lusangi, kwenye shule ya misheni isiyo na vioo madirishani.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa nyumbani. Hadi leo nikienda mjini Kabambare asubuhi, jua halijafika utosini natafuta pikipiki ya kurudi. Utotoni ilikuwa mbaya zaidi. Kengele ya kutoka ikilia, pua yangu imeshafika jikoni kwa mama.

Siku moja Mwalimu Anastase, mtu mwembamba mwenye kaptula iliyonyooka kama ubao wake, akasema, "Chaki mumeshiba. Sasa mutajifunza kwa mikono."

Tukaangaliana. Kwetu kujifunza kwa mikono kulikuwa kulima bustani ya mapadri.

Safari hii alimaanisha. Akatugawia chupa za dawa zenye mdomo mpana, zilizotupwa na dispanseri. Kila mmoja alete haragwe na pamba kutoka nyumbani.

Pamba haikuwa shida. Wakati ule hakuna nyumba iliyokosa shamba la pamba, na si kwa kupenda. Monita wa serikali alipita na kamba kupima mashamba. Aliyelima dogo alikwenda kulala buloko, yaani jela.

"Muchambue mbegu zote za pamba," mwalimu akasisitiza, "zibaki nyuzi tupu." Pamba ikae chupani, haragwe juu yake, maji kidogo, halafu tutazame.

Hesabu nayo iliingia humohumo. Kila asubuhi unakata kijiti sawa na urefu wa mche wako, unakibandika kwenye ubao kwa uji mzito wa muhogo, pembeni ya kile cha jana. Vijiti vinapanda kama ngazi, na mtoto asiyejua kusoma anaona mmea umekua kiasi gani. Leo mnaita graph na mnalipia bando kuiona.

Ubaya ulikuwa mmoja. Inspekta wa Kizungu alikuwa anakuja, na atakayemfurahisha atapelekwa kusoma mbali, kupita Kindu, alale bweni.

Bernard aliitaka nafasi ile mpaka akawa anaongea na haragwe lake. Baba yake alikuwa amechakaa kwenye pamba, naye hakutaka kurithi jembe.

Mimi niliposikia bweni, nilikwenda kumwambia mama. Alikuwa anakoroga chungu, hakuinua kichwa.

"Huko kupita Kindu wanakula nini?"

"Sijui, mama."

"Na wewe utaenda kula kitu hujui?"

Akanyoosha mkono, akachukua haragwe langu la shule, akalitumbukiza chunguni pamoja na wenzake. Tulipomaliza kula akalivua na kunirudishia, laini kabisa. "Haya. Pelekea mwalimu wako."

Wakuu, hiyo ndiyo ilikuwa sayansi ya mama, na haikuwa na kasoro hata moja.

Kasoro ilikuwa yangu. Kuchambua pamba kunachosha vidole, na mimi huchoka mapema. Niliisukuma chupani vilevile na mbegu zake, haragwe la mama nikaliweka juu.

Miche ya wenzangu ikapanda. Vijiti vya Bernard vilikaribia ukingo wa ubao. Nafasi yangu ilibaki tupu, na kila asubuhi Bernard aliniuliza, "Ndugu, leo tena umebandika upepo?"

Nilicheka naye. Roho yangu ilikuwa imetulia.

Inspekta alipokaribia kufika, majani mawili ya kijani yakachungulia katika chupa yangu. Haragwe lilikuwa limeoza kando, linanuka. Mwalimu akainama, akatazama.

"Hii iko pamba."

"Ndiyo, mwalimu."

"Tumeiacha shambani, wewe umeifuata ukaileta humu kalasi." Akaisukuma chupa yangu nyuma kabisa, dirishani.

Inspekta alipita kwenye miche ya maharagwe haraka, kama mtu aliyekwisha kula. Pale dirishani akasimama.

"Hii ya nani?"

Nikasimama.

"Nani alikuambia panda pamba?"

Nikamtazama mwalimu. Mwalimu akaitazama kaptula yake. Angesema ni uvivu wangu, uvivu ungeandikwa kwa jina lake yeye mwalimu. "Ni jaribio la mutoto mwenyewe, Bwana Inspekta."

Mzungu akaligeukia darasa. "Ninyi wote munafikiri tumbo. Huyu mumoja anafikiri kazi."

Hivyo ndivyo nilivyopelekwa shule ya kilimo. Nililia kwenye lori mpaka dereva akaniuliza ni nani amekufa. Na huko bweni, kama mnataka kujua, tulikula maharagwe. Kila siku.

Bernard alibaki na mche mrefu kuliko yote na jembe la baba yake. Mama alikuwa amezoea kupika cha watu wawili, basi sehemu yangu akawa anakula yeye.

Nilipomaliza masomo, niliomba sana nirudishwe nyumbani. Wakanisikia. Wakanipa kofia na kamba, wakanifanya monita wa pamba wa kijiji chetu.

Shamba la kwanza kupima lilikuwa la mama. Lilikuwa dogo, kamba haikuficha. La pili, pembeni yake, lilikuwa la Bernard, dogo zaidi. Bernard alisimama katikati, jembe begani. Utani ulikuwa umemwisha.

Mama akaitazama kamba, kisha kofia, kisha mimi.

"Monita," akaniita, "umekula?"

Nikaikunja kamba. Yale mashamba niliyamalizia kupima jikoni, kwa macho, sahani ikiwa magotini, na yote mawili yalitosha. Ndiyo hesabu ya vitendo niliyoifanya vizuri kuliko zote.

Funzo langu ni dogo: mwalimu akikuambia uchambue pamba, ichambue, hasa kama hutaki kusafiri.

Haya, na wewe somo la vitendo lilikutupa wapi? Andika hapo chini. Nitasoma zote. Niko nyumbani, siendi popote.