Ukisikia Kikohozi, Nawe Kohoa

Saa nane mchana, mvua nyepesi ya Novemba inapiga vioo vya Stratford, mashariki ya London, na ndani ya nyumba iitwayo Kasumi hakuna anayejua kama nje kuna mvua. Mvuke umetanda kutoka sakafuni hadi darini. Watu wanaonekana nusu nusu: hapa bega, pale kisogo, kule mguu unaoteremka majini polepole kama haujaamua.

Mwatima Ameir amekaa juu ya kigoda cha mbao pembeni ya birika kubwa la kuogea la wanawake, taulo zimerundikwa mapajani. Amevaa nguo ya kazi ya kijivu yenye mikono mirefu, na mtandio ameufunga kwa nyuma usiloe. Anakohoa.

Kutoka ndani ya mvuke, kikohozi kinamjibu. Kinafuata cha pili, chembamba. Halafu cha tatu, cha bibi wa Kizungu anayekohoa kwa adabu kama yumo kanisani.

"Watatu," anasema Mwatima kwa sauti ya chini. "Wote wapo."

Hiyo ndiyo kazi yake. Wenzake wengine wanatandika, wengine wanapika. Yeye anahakikisha kwamba kila aliyeingia majini anatoka.

Leo kazi hiyo imemkalia rohoni. Mama yake, Bi Mardhiya, aliyefika karibuni kutoka Wete, Pemba, anakuja kulala hapa kama mgeni. Magoti yamemkaza bibi huyu kiasi kwamba anasali kwa kukaa kwenye kiti. Wafanyakazi wa Kasumi hupewa usiku mmoja wa bure kila mwaka, walale na watu wao. Mwatima ana miaka minne hapa na hajautumia hata mara moja, ingawa usiku kama huo mgeni wa kawaida huulipia zaidi ya mshahara wa Mwatima wa wiki.

"Watu wanadhani najidai," anasema. "Naogopa. Nayajua maji haya."

Na mimi niliyekuja kuandika habari zake nasema, mwenye mzazi mzee na asome mpaka mwisho.

Kasumi ni nyumba ya wageni ya Kijapani, ghorofa sita za zege na mbao, imejibana katikati ya maduka na kituo cha treni. Jina lake, anaeleza mwenye nyumba, Bi Haruko, maana yake ni ukungu mwepesi. London haina chemchemi ya moto. Maji yanavutwa kisimani chini ya jengo, yanachemshwa kwa boila, yanatiwa madini yanayoletwa kwa magunia kutoka Japani, mpaka yanakuwa laini na kunuka kidogo kama kiberiti kilichozimwa.

Mgeni anavua viatu mlangoni. Anapewa kanzu ya pamba ya kufunga kiunoni. Chumbani hakuna kitanda, ni mikeka ya majani iliyobanwa na godoro jembamba la kutandika chini. Kabla ya kuingia birikani lazima akae kwenye kigoda, ajisugue, ajimwagie maji kwa kata mpaka atakate. Birikani haingii mtu kuoga; anaingia kukaa.

"Siku ya kwanza nilicheka," anasema Mwatima. "Kigoda, mkeka, kata. Nikasema, basi mie nimetoka Pemba nikafika Pemba."

Alifika London mwaka 2001, baada ya machafuko ya kule kwao, na mtoto mmoja mkononi. Alisafisha maofisi, alikunja nguo kwenye kiwanda cha dobi, akawa anaishi Barking kwenye chumba chenye unyevu ukutani. Kasumi ilipomchukua, aliona kama amepewa mahali pa kupumulia. Kuna joto. Hakuna anayepaza sauti. Hata mlango unafunguka kwa kuteleza.

Lakini utulivu una meno.

Daisy Kibet anaweza kukwambia. Ni nesi, Mkenya, mcheshi, na hakatai kuisimulia habari yake. Miaka miwili iliyopita alitoka shifti ya usiku akapita hapa asubuhi, hajatia kitu tumboni isipokuwa chai. Rafiki zake walikuwa wamemnunulia tiketi ya kuoga kwa ajili ya siku yake ya kuzaliwa.

"Nikaingia, nikaegemeza kichwa kwa jiwe," anasema Daisy. "Aki maji ilinibeba. Nilikuwa naona shamba letu, naona chai imechanua, naona mamangu anakuja na kikapu. Nikasema wacha nifunge macho kidogo tu. Hiyo kidogo ndiyo ilitaka kunimaliza."

Birikani alikuwa peke yake. Pembeni alikuwepo Mwatima, anakunja taulo, amegeukia ukuta.

Hapa ndipo penye jambo ambalo watu wetu tutalielewa na wengine watashangaa. Kwetu mtu akiwa uchi humtazami. Na mtu anayekoga humsemeshi. Ukipita karibu na choo unakohoa, aliye ndani naye anakohoa, basi, umejua pana mtu, unaondoka. Mwatima alilelewa hivyo na aliifanya kazi yake hivyo. Alimwona mgeni amefumba macho akainamisha yake. Alimsitiri.

Kilichomgeuza si sauti. Ni kukosekana kwa sauti. Maji ya birika lenye mtu ndani hupiga ukingo kidogo kidogo, kwa pumzi zake, na yale yalikuwa yamenyamaza. Alipogeuka, alichoona juu ya maji ni nywele.

Aliruka na nguo zake. Alimvuta Daisy kwa makwapa mpaka kwenye jiwe, akamlaza ubavu, akapiga kelele ambazo Kasumi haikuwahi kuzisikia. Gari la wagonjwa lilikuja. Daisy alilala hospitali usiku mmoja, safari hii akiwa yeye ndiye mgonjwa, na wenzake hawajaacha kumtania mpaka leo.

"Ulikuwa wapi?" Bi Haruko alimuuliza Mwatima siku ile, si kwa ukali.

"Nilikuwa hapo hapo."

Daisy alipopona alirudi, na mfuko wa maandazi.

"Siste, mimi nilidhani unaniangalia," alimwambia.

"Niliona haya."

"Haya ya nini, na mimi naosha wazee wa watu kutwa nzima? Hiki unachokifichia macho mimi nimeona cha London nzima."

Walicheka wote wawili mpaka Mwatima akalia.

Bi Haruko alitaka kuweka kengele. Wakaijaribu, kila ikilia wageni walishtuka kama wameamshwa na polisi. Ndipo Mwatima akasema kuna njia ya kwao. Akakohoa. Bi Haruko akamtazama. "Sasa na wewe ukohoe," Mwatima akamwambia. Tangu hapo kila mwanamke anayeingia anafundishwa mlangoni: ukisikia kikohozi, nawe kohoa. Asiyejibu anafuatwa, awe uchi asiwe uchi.

Wageni wanasema sasa hawawezi kuoga bila hicho kikohozi. Kuna mmoja kutoka Hounslow alisema anakisikia hata usingizini, anajibu, mumewe anamuuliza kama ana mafua.

Saa kumi na moja jioni Bi Mardhiya anafika, ameshikwa mkono na mjukuu wake Siham, ambaye anamuaga bibi kwa Kiingereza na kukimbilia treni. Bibi amevaa buibui na juu yake koti kubwa la kuazima. Anavuliwa viatu. Anapandishwa chumbani kwa lifti. Anasimama kuutazama mkeka na godoro pale chini, muda mrefu.

"Mwatima."

"Labeka mama."

"Nimepanda ndege kutwa nzima nije nilalie mkeka?"

"Wageni wanaulipia, mama."

"Basi na waje Wete. Nitawatoza nusu."

Kuhusu birika kubwa hataki hata kusikia. Eti avue nguo mbele ya wanawake asiowajua, na uzee huu? Lakini Kasumi ina birika dogo la faragha, la mbao, lenye mlango wa kuteleza wa karatasi ngumu, na hilo Mwatima alilihifadhi mapema. Daktari wa Barking ameshaulizwa. Bibi anameza vidonge vya presha. Daktari akasema maji yasiwe makali, asikae sana, asiachwe peke yake. Mwatima ameyapoza kwa ndoo kadhaa za baridi, anaingiza kiwiko, anamwaga nyingine.

Mama zangu, kama huna mtu wa kuuliza, usiingize mzazi wako humo. Wala wewe usiingie ukiwa umefunga, au umetoka kazini na njaa. Maji ya moto hayakushiki kwa nguvu. Yanakubembeleza.

Bibi anajisugua kwenye kigoda, anaingia, mlango unafungwa. Mwatima anakaa nje yake, mgongo kwenye ukuta, nami kando yake. Nuru ya taa inapita kwenye karatasi kama mwezi nyuma ya wingu. Kunasikika maji yakipanda, na mguno mrefu wa mtu anayetua mzigo.

Mwatima anakohoa.

"Nipo," bibi anajibu, halafu anakumbuka, anakohoa.

Mvuke unapenya chini ya mlango. Mahali fulani chini yetu London inapita na treni zake, na hapa haifiki hata kishindo.

Mwatima anakohoa tena. Bibi anajibu, polepole zaidi.

Anakohoa mara ya tatu.

Kimya.

Anakohoa kwa nguvu. Maji hayapigi ukingo. Mkono wake uko mlangoni na haufungui. Mtoto kumwona mamake uchi si jambo dogo kwa mwanamke wa Pemba, na uso wake unaonyesha hivyo. Kisha anauvuta mlango mara moja mpaka unagonga mwisho.

Bi Mardhiya yumo ndani ya maji mpaka mabegani, kichwa juu ya ukingo, macho yamefumbwa. Magoti yake mawili yamechomoza juu ya maji. Yamekunjika yenyewe.

"Mama."

Macho yanafunguka, yanatoka mbali.

"Nilikuwa kwetu," anasema bibi. "Mama yangu ananiita nije nile. Nakusikia unakohoa, nasema ngoja kwanza nimwitikie."

"Usimwitikie, mama. Niitikie mie."

Bibi anamtazama binti yake aliyesimama mlangoni, machozi yamechanganyika na mvuke. Anajiona alivyo. Hajifuniki.

"Umeshaingia, sasa unasimamia nini hapo? Lete hiyo taulo. Nisugue mgongo, huku sifiki."

Mwatima anapiga magoti. Anamsugua mama yake mgongo kama alivyosuguliwa yeye utotoni, kuanzia bega la kulia, na sasa wanazungumza, wanazungumza bila kuacha, habari za shangazi, za bei ya karafuu, za Siham asiyejua kusonga ugali. Hakuna haja ya kukohoa. Baada ya muda mfupi tu anamtoa, anamfunga kanzu, anampa maji ya kunywa. Bibi anashuka ngazi moja ya mlangoni bila kushika ukuta. Sote tumeona.

Kabla ya kulala, mikekani sote watatu, namuuliza Mwatima kama yeye mwenyewe amewahi kuingia kwenye maji hayo. Anatikisa kichwa. Miaka minne, hajawahi kutia zaidi ya kiwiko.

"Natamani," anasema. "Kesho alfajiri, kabla ya wageni kuamka, birika kubwa linakuwa tupu. Bi Haruko ameshaniruhusu zamani. Ila nani wa kunikoholea?"

Bi Mardhiya, ambaye sote tulidhani amelala, anakohoa gizani.